Rocsnr na shnidman za MATLAB: kazi safi, ila usiziamini kabla hujagusa difolti

Wadau wa rada, hii ni kwa mnaopiga hesabu za uwezekano wa rada kuiona ndege kwa kutumia Phased Array System Toolbox, kifurushi cha ziada cha programu ya hesabu ya MATLAB; rocsnr na shnidman ni amri zake mbili. Nawapa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nimeibana makusudi.

Ndege haina mwangwi wa kudumu. Ikigeuka kidogo tu, mawimbi yanayorudi kutoka kwenye bawa, mkia na mdomo wa injini yanajumlishana au yanauana, kwa hiyo nguvu inayokufikia inapanda na kushuka vibaya mno. Peter Swerling aliiwekea hesabu mwaka 1954 akiwa shirika la utafiti la RAND kule Marekani, na makundi yake manne ndo bado tunatumia: la 1 na la 3 mwangwi unabadilika kila antena ikizunguka, la 2 na la 4 unabadilika kila pigo, yaani kila mrusho mmoja wa mawimbi.

Sasa rocsnr, inayochora uwezekano wa kuona dhidi ya nguvu ya mwangwi juu ya kelele (snr, kwa desibeli), ukiiita bila kuiambia aina ya shabaha, inachukulia shabaha imetulia tuli, yaani mwangwi wake haupandi wala kushuka. Grafu inatoka inapendeza kabisa na mtu anaibandika kwenye ripoti hivyohivyo, na hiki ndo kinachoniuma, maana angalia namba: pigo moja, kengele ya uongo (rada kudai imeona kitu wakati hakuna) moja kwa milioni, unataka uwezekano wa kuiona wa 90%. Shabaha iliyotulia inadai kama desibeli 13.1, ukiweka Swerling1, yaani kundi la 1, inadai 21.1, yaani nguvu zaidi ya mara 6! Ukibaki na zile 13.1 kwa ndege ya kundi la 1 unaipata kama 52% tu kwa mzunguko mmoja, inabidi antena izunguke mara tatu ndo uwezekano wa kuiona walau mara moja ukaribie 90%. Na ndege haikusubiri, inakuja.

Kinachonifurahisha ni kwamba ukishabadilisha SignalType (pale unapotaja aina ya shabaha) rocsnr inakuonyesha vizuri mno. Chora mistari miwili pamoja, iliyotulia (NonfluctuatingNoncoherent) na Swerling1, utaona inakatana kwenye 30% hivi, chini ya hapo shabaha inayoyumba inaonekana kirahisi zaidi kwa sababu mara mojamoja mwangwi wake unalipuka juu. Hiyo grafu moja inafundisha kuliko kurasa kumi za intagro.

Shnidman ni ya haraka, unaipa uwezekano, kengele ya uongo, idadi ya mapigo na namba ya Swerling, inarudisha desibeli. Ni makadirio, kosa lake haizidi nusu desibeli mradi ubaki kati ya 10% na 99% na mapigo yasizidi 100. Jaribu mapigo 10, linganisha kundi la 1 na la 2, utaona mara moja kwa nini watu wa rada wanahangaika kurukaruka frikwensi: mwangwi wa kundi la 1 unageuka kuwa kama wa kundi la 2 na deni la desibeli linapungua sana.

Leseni ni ya kulipia, kwa hiyo kama uko chuo ulizia kwanza kama wanayo. Kama hawana na unachotaka ni Swerling1 pigo moja, fungua Octave ya bure uandike mstari mmoja: Pfa^(1/(1+snr)), Pfa ni uwezekano wa kengele ya uongo, na snr iwe namba ya kawaida na sio desibeli.