Kupima afya ya wachezaji kabla ya msimu au kupasha na FIFA 11+, kipi bora?
Kila ligi ikikaribia hili swali linarudi. Kwa hela 11+, yaani mpango wa FIFA wa kupasha mwili ili kupunguza majeraha, inashinda mbali, mazoezi 15, dakika kama 20, unahitaji uwanja na koni tu, na majeraha yanapungua kweli ila uifanye angalau mara mbili kwa wiki, makocha wengi wanaichoka mapema. Vipimo unafanya mara moja kwa msimu, vina gharama, na havitabiri vizuri nani atachanika msuli. Ila moyo jamani! Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon, alianguka akafa uwanjani Lyon 2003, miaka 28 tu, tatizo la moyo, na hilo mazoezi hayalioni, ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaweza kulinasa. Timu ya mtaani isiyo na hela ianze na 11+, lakini mchezaji aliyewahi kuzimia akikimbia, au kwao kuna kijana aliyekufa ghafla, huyo mpelekeni akapimwe kwanza.