Lego 21312, Wanawake wa NASA: inafaa skuli, ila Mae Jemison kapunjwa

Seti hii ya matofali ya kuchezea, inayohusu wanawake wa NASA, shirika la anga la Marekani, ilitoka Novemba 2017 ikiwa na vipande 231 na vinyago vinne vya watu: Margaret Hamilton wa programu za kompyuta, mwanafalaki Nancy Grace Roman, na wanaanga Sally Ride na Mae Jemison. Kiwanda kimeshaacha kuitengeneza, kwa hiyo inayofika Unguja au Pemba ni ya mtumba, au iliyokaa ghalani kwa mtu. Bei ya mwanzo ilikuwa dola 24.99. Muuzaji akitaja mara tatu ya hiyo, kumbuka usafiri na ushuru bado.

Kujenga si kazi. Mwongozo ni picha tupu, na mtoto wa miaka kumi anaufuata peke yake. Mwaga vipande kwenye sinia, si kwenye mkeka. Vile vidogo vya mviringo hujificha katika ukili, na mwenye mdogo wake anayetambaa ajue vinamezeka.

Kilicho bora humu ni chombo cha anga. Tangi la mafuta na makombora mawili ya pembeni yanabanduka, na hapo ndipo somo lilipo: katika safari ya kweli makombora yaliachia baada ya dakika 2 hivi, tangi likafuata kama dakika ya 8 na nusu. Mwambie mtoto abandue kwa mpangilio huo huku mwenzake anahesabu saa. Vipimo visimbabaishe, maana kinyago ni kikubwa mno kwa chombo.

Kasoro yenyewe ni kumweka Jemison na Ride pamoja kwenye chombo kimoja. Watoto watasema waliruka pamoja, na si kweli. Ride aliruka 1983 na 1984, akaondoka NASA 1987, mwaka uleule Jemison alipochaguliwa. Jemison alipaa na chombo Endeavour tarehe 12 Septemba 1992, akawa mwanamke mweusi wa kwanza angani. Siku nane alizokaa huko alifanya majaribio ya seli za mifupa, kichefuchefu cha safari na mayai ya chura. Ni daktari aliyewahi kuhudumu Sierra Leone na Liberia, na katika safari ile alibeba sanamu ya Bundu, jumuiya ya wanawake ya Sierra Leone. Mwaka uliofuata akaigiza katika Star Trek, tamthilia iliyomvutia tangu utotoni.

Isitoshe, Kiswahili anakijua! Kijitabu cha seti hakina hata neno moja la lugha hiyo, basi mwalimu aandike kadi ya nusu ukurasa aiweke kando ya chombo. Aongeze na Tunguu: kituo cha NASA kilichokuwa Unguja kilizungumza na mwanaanga John Glenn alipozunguka dunia Februari 1962, kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi.

Kabla ya kulipa, dai picha ya vinyago vinne pamoja na nywele zao. Tofali jeupe la kawaida hupatikana popote, lakini kichwa au nywele za Jemison zikikosekana utazitafuta nje kwa bei ya kuuma. Mwongozo ukipotea usijali, unapakuliwa bure kwenye tovuti ya Lego. Usiweke seti dirishani, jua hugeuza matofali meupe kuwa manjano. Kijitabu kitie katika mfuko wa nailoni, la sivyo masika yakiingia kitaota kuvu.