TAHADHARI: Jamaa wa Ilala anayehamisha intakula za Subaru kwenda mbele ni tapeli

Wakuu, nina hasira na aibu kwa mpigo, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti. Nina Subaru Forester, na nilikuwa nawahi Iringa. Nataka mumjue huyu mtu kabla hajamliza mwingine.

Ana gereji nyuma nyuma huko Ilala, anatangaza mtandaoni seti kamili ya intakula ya mbele (intakula ni kile kifaa cha kupoza hewa ambayo turbo inaisukumia injini) na kuhamisha paipu palepale. Mwenye Forester ya toleo la SG5 yenye turbo kama yangu anaijua shida yenyewe. Intakula ya kiwandani imekaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Ukiwa kwenye mwendo inapata upepo, lakini ukikwama foleni ya Mbagala inakula joto lote la injini, na foleni ikiachia gari zito kama limebeba saruji. Ikihamia mbele ya rejeta inapigwa upepo moja kwa moja. Wazo halina ubaya, kwa hiyo asije mtu hapa na "si ungeiacha ya kiwandani".

Tulielewana laki tisa, na intakula yangu ya zamani ibaki kwake.

Sasa sikieni alivyonifanya. Seti ilikuwa mezani: intakula ya alumini safi, paipu zinang'aa, mipira ya silikoni ya bluu. Sikununua kwa macho. Nilitoka nyumbani na sumaku, nikaigusisha kwenye kila paipu, haikushika hata moja. Nikapitisha kidole kwenye midomo ya paipu, ule ukingo ulioinuka wa kuzuia mpira usichomoke upo. Yeye mwenyewe, bila kuombwa, akaziba upande mmoja, upande wa pili akachomeka kompresa, akamwagia maji ya sabuni kila kiungo. Hakuna povu. Na alikuwepo baba mmoja mwenye mvi, shati la kitenge, anasema Impreza yake ilifungwa hapohapo na sasa amekuja kwa ajili ya gari la mwanawe. "Mwanangu, hapa umefika," akaniambia. Hebu niambieni, hapo mngeshuku nini?

Ndipo akasema, "Bosi, kazi ndefu hii na jua kali, twende tukapate chai vijana wafunge." Chai kalipa yeye. Chapati kalipa yeye. Akaniuliza hali ya mama, akanionyesha picha ya binti yake wa chekechea kavaa joho la mahafali. Tunarudi, gari limeshafungwa, bampa limerudi mahali pake, paipu zote zimevishwa mkanda wa kijivu. "Wa kuzuia joto, bosi, huo nimekupa ofa." Akawasha, akakanyaga mafuta, akaachia: pshhhh! Wakuu, ile sauti. Bodaboda wa kijiweni waligeuka. Nikalipa taslimu, na hela ya soda ya vijana juu.

Nimeshapita Ruaha Mbuyuni, napanda mlima Kitonga, mke na mtoto wamo ndani, nikasikia paa! Gari likafa nguvu palepale, moshi mweusi umetanda, lori la mafuta liko nyuma linapiga honi. Tukavutwa mpaka Ilula.

Fundi wa pale akachana ule mkanda kwa wembe. Chini yake ni bomba la ekzosi, chuma kitupu, limepuliziwa rangi ya fedha. Sumaku iliganda. Midomo imekatwa kwa grenda, haina ukingo, na mpira umeshikiliwa na klipu za kawaida za bisibisi. "Silikoni" yenyewe ni mpira wa maji uliopakwa bluu, ukiufikicha rangi inabaki kidoleni. Ndani ya paipu kulikuwa na chembe za kuchomelea, na nyingine zilishang'oka. Fundi aliingiza kidole kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini, akatoa za ukubwa wa mtama. Zilizotangulia injini imezila. Kona ya intakula imezibwa kwa gundi ya chuma na kupuliziwa nyeusi. Nikalinganisha na picha niliyopiga pale mezani: siyo yenyewe kabisa. Walibadilisha tukiwa kwenye chai!

Kuhusu moshi fundi alinieleza hivi: sensa ya hewa iko kabla ya turbo. Injini inamwaga mafuta kwa kiasi cha hewa iliyopimwa pale, kumbe hewa yenyewe imetorokea njiani, pale mpira ulipochomoka. Na ile pshhhh? Ukiachia pedali, vali ya kiwandani inairudisha ndani hewa ya turbo iliyozidi, wao wakafunga ya kutemea nje, kwa hiyo kila ukiachia pedali mafuta yanazidi. Sauti ya kuvutia wateja tu hiyo.

Kinachoniua zaidi, juzi kaweka mtandaoni intakula ya kiwandani ya SG5, "imeshuka na kontena kutoka Japani". Ni yangu! Mapezi yamelala kona ya kushoto, pale nilipodondosha spana, na kwenye bolti kuna rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, niliiweka mimi. Halafu yule baba mwenye mvi namwona kwenye video zake anaosha magari palepale.

Namba yangu kaifungia. RB, namba ya kuripoti polisi, ninayo. Na huyu asirudishe hela tukamaliza, hapana, alale ndani! Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka saba. Apewe yote saba, na yule mzee wa kitenge apewe nusu yake. Angeua familia yangu Kitonga kwa laki tisa.

Dalili zake ni hizi: hatoi risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anaandika kwenye daftari. Hataki ukae wakati wa kufunga. Mkanda. Namba zake za malipo zina majina tofauti, hilo nimeambiwa baadaye. Nyingine sikumbuki, kichwa kinachemka. FCC, Tume ya Ushindani, waende wakafunge ile gereji hata kesho, na vijana wake wahojiwe mmoja mmoja.

Aliyenunua intakula yenye rangi ya kucha kwenye bolti aniandikie. Sitakunyang'anya, nataka tu uje uiseme polisi ulikoitoa.