Nilienda kujifunza Django na wenzangu, nikarudi nyumbani data ya mradi wangu imefutwa

Naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Kuna kikao cha koding huwa tunakutana, bure kabisa, unakuja na laptopu yako mnakaa meza moja mnajifunza fremuweki pamoja, yaani msimbo ulioandaliwa tayari ili usianze programu yako kutoka sifuri, na kwa sasa tuko kwenye Django, ya kutengenezea tovuti. Nilishaenda kama mara tatu hivi na kila mara nilitoka nimefurahi, hadi watu wa kazini nikawaambia waje. Sasa najuta kuwaambia.

Siku yenyewe, Jumamosi moja ya hivi karibuni, alikuja mwezeshaji mwingine, sio yule wetu tuliyemzoea. Jamaa akaanza na historia, kwamba Django ilianzia kwenye gazeti moja kule Lawrence, Kansas, mwaka 2003, kwamba 2005 ikaachiwa watu wote waitumie, na jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt. Mimi hayo mambo nayapenda sana tu. Nikanyoosha mkono niulize swali, nikatamka hiyo D, akanikata katikati mbele ya watu: "Ni Jango, D haisomwi, kama jina tu hujui hiyo fremuweki utaijua lini?" Watu wakacheka. Swali langu halikujibiwa hadi leo.

Nikajikaza. Lakini hilo si kitu ukilinganisha na kilichofuata.

Nina mradi wangu mdogo wa vitabu, nimeingiza vitabu 63 kimoja kimoja kupitia ule ukurasa wa admin ambao Django inakupa wa kuingizia data, jina, mwandishi, mwaka, usiku baada ya kazi. Siku hiyo nilikuwa naongeza apu ya pili, yaani sehemu nyingine yenye kazi yake ndani ya mradi huohuo, ya kuandika nani kaazima kitabu gani. Nimeandika vizuri models.py, faili la kueleza majedwali ya data, nikaendesha makemigrations, amri ya kuandaa mabadiliko ya hayo majedwali, inaniambia hakuna mabadiliko yoyote. Narudia, vilevile. Nafunga terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nafungua tena, vilevile. Nikamwita mwezeshaji.

Hakuuliza ninatengeneza nini. Hakusoma hata mstari mmoja. Kasema "sogea", kavuta laptopu upande wake, kaanza kuandika kwa kasi ambayo hata kufuata huwezi, mimi nasema "ngoja kaka, unafanya nini hapo" yeye anajibu "hii database yako imeharibika, tunaanza upya", na kabla sijamaliza kusema kuna data mule ndani ameshaandika rm db.sqlite3, amri ya kufuta faili, na kubonyeza enta. Kwa wasioijua Django, kama hujabadilisha chochote kwenye setingi, data yako yote inakaa kwenye hilo faili moja tu. Na rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka useme utakiokota baadaye. Vitabu 63 vimeenda! Akaendesha migrate, amri ya kuunda majedwali yenyewe, jedwali la vitabu likarudi tupu, na lile la kuazima halipo palepale, yaani kafuta kila kitu na tatizo hajatatua! Nikamwambia umenifutia kazi yangu. "Si ungekuwa na bakapu." Akainuka akaenda meza nyingine. Hata pole hakusema.

Ndio, bakapu sikuwa nayo, hilo kosa ni langu nalikubali. Lakini laptopu ni ya mtu, unaomba ruhusa kabla ya kugusa kibodi, na kufuta ndio kabisa unauliza mara mbili.

Nilikuwa nafunga begi niondoke na nisirudi tena, na kama ningeandika muda ule ningewaambia msikanyage pale. Sasa pembeni yangu alikuwa amekaa dada mmoja naye anaanza tu kama mimi, akaniuliza kwa upole, "Kaka, hiyo apu ya pili umeiandikisha kwenye INSTALLED_APPS?" Nikafungua settings.py, faili la setingi lenye hiyo orodha ya apu. Haimo. Kumbe startapp, amri ya kuanzisha apu, inakutengenezea folda tu, kuiandikisha ni kazi yako, na usipoiandikisha Django haijui kama ipo, ndio maana ilikuwa inasema hakuna mabadiliko. Hakunyang'anya kibodi, alinyoosha kidole kwenye skrini akaniacha niandike mwenyewe, neno moja na koma yake. Nikaendesha makemigrations, ikaandika 0001_initial.py, faili la mabadiliko nililokuwa nalisubiri. Wote wawili tukapiga kelele meza nzima ikageuka. Yeye alisema hilo kosa lilimla siku mbili peke yake nyumbani, na mimi ninavyojijua ningekaa nalo wiki nzima.

Kwa hiyo nyota ngapi? Nilitaka kutoa moja. Kwa yule dada na wale wanafunzi wenzangu natoa tano bila kufikiria, hapo hakuna video ya kujifunzia itakayokupa kitu kama kile. Kwa mwezeshaji sitoi hata nusu, na waandaaji niliwaandikia ujumbe, jibu lililorudi ni kwamba "huyo yuko hivyo, ni mtaalamu sana". Hilo jibu limeniudhi kuliko hata lile faili! Basi naweka mbili. Nitarudi, nitakaa na yule dada, na jamaa akisogea karibu nafunga laptopu. Vitabu nimeshaingiza upya 41, vingine nimevisahau hata majina.