Mashini ya kusude tiyo za inoksi yenyewe: vile niliiona kwenye kazi

Wandugu wa L'shi (Lubumbashi), ile mashini ya kusude, yaani kuunga kwa moto, tiyo (mabomba) iko muzuri kweli lakini kama hujui kukata tiyo, baki tu na TIG yako ya mkono (ile ya kusude na ncha ya tungsteni ndani ya argoni). Tuliikodi juu ya kazi ya kiwanda kimoja cha juisi huku Kampemba, tiyo za 316L (aina moja ya inoksi, chuma kisichoshika kutu) za inchi 2, ukuta 1.5 mm, na mwenye kiwanda anataka mshono wa ndani ulainike sawa na wa nje, uchafu usipate pa kushika.

Kichwa cha mashini kinabana tiyo zote mbili, kinajaa gesi ya argoni, kisha tungsteni inazunguka nyuzi 360 na tiyo yenyewe haisogei. Bageti (fimbo ya chuma cha kuongezea) hakuna, ukuta uko mwembamba, inayeyusha chuma cha tiyo tu. Kura (nguvu ya umeme) unaiprograma kwa vipande vya mzunguko, tulianza karibu ampea 60 na kila kipande tunashusha kidogo juu tiyo inazidi kupata moto, ukiiacha palepale mwisho wa mzunguko unatoboa. Sudera fundi anafanya hiyo kwa jicho, ila jioni mkono wake si ule wa asubuhi, mashini haichokake, hapo njo makuta yake yanarudi.

Sasa maumivu. Kukata na disiki sahau!! Ncha ya tiyo inapaswa kunyooka kabisa, bila upenyo, bila meno, kwa hiyo kodi na kale kamashini ka kusawazisha ncha. Argoni ya ndani ingizia chini, itokee juu, iko nzito kuliko hewa, na usiwashe mpaka kipimo cha oksijeni kishuke chini ya 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), ukiharakisha ndani inatoka nyeusi yenye mikunjomikunjo na hiyo unakata unarudia.

Kitu kingine wengi hawajui: tiyo mbili zote zimeandikwa 316L, lakini moja sulfuri yake iko kidogo sana na ingine iko nyingi, basi ile chuma iliyoyeyuka inakimbilia upande wenye sulfuri kidogo na mshono unaacha kiungo pembeni. Programu ni ileile ya jana! Angalia sertifika za tiyo mbele ya kulaumu mashini, na ukiweza nunua zote za kundi moja.

Wakodishaji (siwataji) walituletea taya za kubana tiyo za milimita 53, wakati inchi 2 ni 50.8. Tiyo inachezacheza ndani, siku imekufa. Napiga simu wananiambia "inchi mbili njo hiyo hiyo", hapana papa, sivyo.

Mashini naipa 4 kwa 5, hao wakodishaji 2 kwa 5. Kununua usijaribu kama huna kazi ya inoksi mwaka mzima, iko bei ya gari. Na iweke kwenye jenereta nzuri, kura ya mji ikiyumba katikati ya mzunguko kiungo kimeenda. Kwa tiyo za chuma za maji ya kawaida, posti ya bageti (mashini ya kawaida ya kusude kwa mkono) inatosha kabisa.