Sabufa za kina kifupi kwenye pikapu: pima kiti kabla ya kuhesabu wati

Nyuma ya kiti cha pikapu yangu ya singo kabini, kutoka mgongo wa kiti hadi bati la ukuta, kuna milimita 130 kwa juu na milimita 195 kwa chini. Namba hizo sikuzipata kwa futi ya chuma bali kwa kadibodi, kwa sababu futi hupima pale palipo wazi tu, ilhali kadibodi iliyokatwa kwa umbo la boksi la sabufa, yaani spika ya besi, hugonga kila kinachojificha huko nyuma: kikunjio cha mkanda, bolti za kiti, mfuko wa jeki na matundu ya kutolea hewa ya kibanda. Kiti nilikisukuma nyuma hadi mwisho wa reli zake, kisha nikamwomba rafiki aliyenizidi uzito akae na kuegemea kwa nguvu. Mgongo wa kiti ukarudi milimita 20 zaidi ya ulipokuwa kikiwa kitupu. Namba nilizozitaja ni za baada ya yeye kuegemea, na ndizo pekee zenye maana, kwa kuwa hakuna anayesikiliza muziki akiwa ameketi wima kama yuko kwenye usaili.

Kwa muda wa miezi minane nimejaribu mipangilio mitatu katika nafasi hiyo: sabufa bapa moja ya inchi 12, sabufa bapa mbili za inchi 10, na kisanduku chembamba cha inchi 8 chenye amplifaya yake ndani, cha kuwekwa chini ya kiti. Nilianza kwa kuamini kwamba kazi ni kutafuta sabufa yenye wati nyingi inayoweza kuingia. Sasa naamini kwamba wati ndilo jambo la mwisho kuangaliwa, na la kwanza ni hewa iliyobaki ndani ya boksi baada ya mbao, sumaku na kiti kuchukua fungu lao.

Kwanza niseme maana ya kina cha kufungia, maana hapo ndipo wengi hupoteza fedha. Ni kipimo kutoka upande wa chini wa ukingo wa sabufa, yaani pale ukingo unapokalia ubao, hadi mwisho wa sumaku. Unene wa ubao wa mbele umo ndani ya kipimo hicho na hivyo unakusaidia. Unene wa ubao wa nyuma haumo, na utakula nafasi yako bila kukuuliza. Sabufa nyingi, aidha, zina tundu la kupozea koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) katikati ya sumaku, na tundu hilo linahitaji walau milimita 20 hadi 25 za hewa mbele yake. Upande wa mbele nako koni husogea: mpira wa pembeni huinuka juu ya ukingo hata ukiwa umetulia, na huinuka zaidi besi inaposhuka. Anayesoma milimita 86 kwenye karatasi ya bidhaa anatakiwa aone karibu milimita 140, akijumlisha hewa ya nyuma, ubao wa nyuma na nafasi ya koni kucheza mbele.

Mimi sikuviona hivyo. Sabufa ya inchi 12 niliyoinunua ilikuwa na kina cha milimita 86, nami nikatengeneza boksi la mstatili lenye unene wa milimita 100 kwa nje, nikijisifu kwamba nimebakiza milimita 14. Mbao za MDF (ubao wa nyuzi za mti zilizobanwa kwa gundi) za milimita 18 pande zote mbili ziliacha milimita 64 ndani. Ukiongeza unene wa ubao wa mbele unapata 82. Sumaku ilikaa juu ya ubao wa nyuma huku ukingo ukielea milimita nne juu ya tundu, na nilikuwa nimeshapaka gundi. Nikakata pete ya ubao, nikaifunga kwa nje ili kuiinua sabufa. Ikaingia, lakini sasa mpira wake ulikuwa umesogelea kiti mno. Kwa sauti ya chini hapakuwa na tatizo lolote. Nilipoongeza, kila noti ya chini ilifuatwa na mlio mdogo mkavu, mithili ya mtu anayegonga kitambaa kwa ukucha. Ilikuwa koni ikikigonga kiti mgongoni mwangu. Kosa hilo silo la aliyeunda sabufa, ni langu.

Boksi la pili nililifanya la mshazari, kufuata mwinamo wa kiti: upana sentimita 110, urefu wa kwenda juu sentimita 40, unene milimita 100 kwa juu na 170 kwa chini. Ukitoa mbao za milimita 18 kila upande, ndani hubaki takriban lita 38. Kwenye kitovu cha ubao wa mbele, kina cha ndani ni kama milimita 99, na ukijumlisha ubao wenyewe ni 117, kwa hiyo sabufa yenye kina cha milimita 83 huacha milimita 34 nyuma ya sumaku. Mbele hubaki milimita 25 hadi 30 kabla ya kiti. Mshazari huo uliongeza hewa kwa zaidi ya nusu kuliko lile boksi la mstatili, bila kuchukua hata milimita moja ya nafasi ya miguu.

Kwa nini nasisitiza hewa kiasi hiki? Kuna kanuni ya zamani katika fani ya spika inayohusishwa na Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH iliyoanzishwa Marekani mwaka 1957. Inasema kwamba kati ya vitu vitatu, yaani boksi dogo, besi ya chini sana na sauti kubwa kwa umeme kidogo, unaweza kupata viwili tu. Anayefunga sabufa kwenye pikapu ameshachagua boksi dogo, apende asipende. Kilichobaki ni kuamua kama atalipa kwa umeme au kwa kuikosa besi ya chini. Boksi likizidi kuwa dogo, hewa iliyofungiwa ndani huwa kama springi ngumu nyuma ya koni: mwitikio wa sabufa, yaani masafa ambayo koni hutikisika kwa urahisi zaidi, hupanda, besi hujikusanya mahali pamoja na kutoa mvumo wa noti moja, wimbo wowote upigwe. Wanaosema sabufa bapa haina besi ya kweli, mara nyingi wamesikia sabufa nzuri iliyokabwa koo.

Kibanda cha pikapu hata hivyo kina fadhila yake. Wimbi la sauti la hezi 70 lina urefu wa karibu mita 4.9, na kibanda chenyewe hakifikii nusu ya urefu huo. Chini ya hapo mawimbi hayasafiri tena ndani ya gari. Hewa yote hupanda na kushuka shinikizo kwa pamoja, na besi huongezeka kadiri masafa yanavyoshuka. Kinadharia ongezeko ni desibeli 12 kwa kila oktava, yaani kila masafa yanaposhuka kwa nusu, ingawa milango, vioo na bati hupitisha sehemu yake nje. Boksi lililozibwa kabisa nalo hupoteza desibeli 12 kwa oktava chini ya mwitikio wake. Kimoja kinashuka, kingine kinapanda, na sikio linapata mstari unaokaribia kunyooka. Hii ndiyo sababu silipendekezi boksi lenye bomba kwa nyuma ya kiti: linataka hewa nyingi zaidi, bomba lake halina pa kupita, na linakupa nyongeza ambayo kibanda tayari kinaitoa bure.

Sasa kuhusu sabufa zenyewe. Sabufa bapa hupatikana kwa kubana mota yake, yaani sumaku na koili: koili fupi na pana, sumaku inayoingia ndani ya koni, au mfumo mzima wa kushikilia koni uliopangwa upya. Malipo yake ni mwendo mfupi wa koni na, mara nyingi, koili isiyopoa vizuri. Njia ya kufidia mwendo ni eneo. Koni ya inchi 12 ina takriban sentimita za mraba 480. Mbili za inchi 10 zina 660. Baadhi ya waundaji wamelitafuta eneo hilo kwa njia nyingine. Kicker hutengeneza Solo-Baric L7T, ambayo koni yake ni ya mraba. Kijiometri mraba unazidi duara la upana uleule kwa asilimia 27, ingawa pembe zilizoviringwa hupunguza faida hiyo. JL Audio wana 13TW5, yenye inchi 13.5 na kina cha milimita 64 tu, ambayo koni yake inashikiliwa pembezoni ili kuikwepa sumaku. Kama nafasi yako ni nyembamba lakini ni pana na ndefu, huo ndio mfano wa kwanza wa kuuchunguza, mradi ukumbuke kwamba wembamba wa sabufa haupunguzi mahitaji yake ya lita.

Baina ya mipangilio yangu mitatu, sabufa mbili za inchi 10 zimeshinda, na tofauti si ndogo. Nililigawa boksi la mshazari katikati kwa ubao mmoja, kila sabufa ikapata karibu lita 18 zake. Ngoma inasikika kama ngozi iliyopigwa na kunyamaza, na gitaa la besi linashuka noti kwa noti bila hata moja kujitokeza kuliko nyingine. Ile ya inchi 12, nilipoijaribu ndani ya boksi hilohilo kwa ubao mwingine wa mbele, haikuwa mbaya. Iliishiwa mwendo mapema, basi. Kwa mtu asiyependa sauti kubwa ingemtosha, na ina nyaya chache.

Kisanduku cha inchi 8 cha chini ya kiti nakizungumzia kwa ufupi kwa sababu hakina mengi. Kinafungwa kwa saa mbili, hakihitaji useremala, na chini ya hezi 40 hakipo. Kwa mwenye dabo kabini ambaye mgongo wa kiti chake cha nyuma umegusana na ukuta, huenda ndicho pekee kinachoingia, na kwa matumizi hayo nakiheshimu. Tatizo nililolipata ni vumbi na mchanga wa viatu, ambavyo viliziba matundu ya kupozea ya amplifaya yake hadi ikaanza kujizima safarini.

Kwenye umeme, angalia wati za kudumu na usihangaike na namba kubwa iliyoandikwa kwenye katoni. Amplifaya yangu hutoa wati 500 za kudumu kwa omu 2 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa hiyo nilichagua sabufa zenye koili mbili za omu 2 kila moja: koili zimeunganishwa mfululizo ndani ya kila sabufa kupata omu 4, kisha sabufa mbili sambamba kupata omu 2. Ningechukua za koili za omu 4, ningebaki na omu 4 au omu 1. Ya kwanza ingeacha nguvu mezani, ya pili ingeichoma amplifaya. Wati 500 kwa ufanisi wa asilimia 80 na volti 13.8 ni kama ampia 45, ndiyo maana waya wa betri ni wa milimita za mraba 21 na fyuzi ya ampia 60 ipo ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Fyuzi hiyo hulinda waya usiwake ukikwaruzwa na bati. Kazi ya kuilinda amplifaya si yake.

Kitufe cha geini, kinachopanga kiasi amplifaya inavyokuza sauti ya redio, nilikipima kwa mita: mzizi wa mraba wa wati mara omu, yaani 500 mara 2, ni volti 31.6. Nikapiga mlio wa hezi 50, redio ikiwa robo tatu ya sauti yake na sabufa zikiwa zimetolewa waya, nikazungusha mpaka mita ikasoma 31, nikaacha hapo. Kichujio, kinachozuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa, kimekaa hezi 80. Kitufe cha kugeuza awamu, yaani kama koni ianze kwenda mbele au nyuma, nilikijaribu pande zote mbili nikiwa nimeketi kwenye kiti cha dereva, na upande uliojaza besi ya katikati ndio uliobaki.

Lipo jambo ambalo sikulitarajia kabisa. Baada ya boksi kukaa, mlango wa dereva ulianza kukataa kufunga kwa msukumo wa kawaida. Nilikuwa nimeyaziba matundu ya kutolea hewa yaliyo nyuma ya kibanda, na hewa iliyosukumwa na mlango haikuwa na pa kutokea. Nililisogeza boksi mbele milimita 8 kwa vipande vya mpira, mlango ukarudi kufunga kwa kidole, na bati la nyuma ambalo lilikuwa likitetemeka kwenye noti za chini likanyamaza pia. Jeki sasa imefungwa kwa mkanda chini ya kiti cha abiria, na mgongo wa kiti changu umebakiwa na milimita 17 mbele ya koni, ambazo nilizihakiki kwa kumrudisha yule rafiki kitini, muziki ukiwa juu.