Mwezi mmoja kambini Musanze: uzoefu wa mpanda baiskeli wa Tabora

Tangu nirudi Tabora, kila ninaposimama kujaza upepo naulizwa swali lile lile: dada, hela ya kambi ya Rwanda imelipa? Imelipa. Ila kilicholipa sicho walichokitangaza.

Tangazo la kambi hiyo ya mazoezi ya baiskeli, iliyoko Musanze kaskazini mwa Rwanda, lilikuwa la mapafu. Kaa mwezi mzima juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, damu iongeze chembe nyekundu, urudi nyumbani na pumzi mpya. Mimi nilivutwa pia na mashindano ya dunia ya Kigali ya Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio za wanaume tulizitazama kwenye simu dukani kwa fundi, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, wakamaliza watu 30 tu. Fundi wangu, mzee aliyenifundisha kukaza spoki nikiwa shule ya msingi, alinitazama akasema, "Mwanangu, ile si barabara yetu tambarare ya Sikonge." Siku hiyo hiyo nikaanza kuweka akiba.

Kambi, baiskeli ya kukodi na nauli vilinigharimu jumla shilingi 1,650,000. Nilipita Nzega na Kahama hadi Rusumo, nina pasi ya kusafiria, viza hatuhitaji. Ukivuka daraja rudisha saa yako nyuma kwa saa moja, na ukumbuke kwamba kule vyombo vyote vinapita kulia. Kwa anayeendesha baiskeli hili la pili si dogo. Kwenye kipilefti cha kwanza nilikata kushoto kama nilivyozoea, mwenzangu akapiga kelele nikafunga breki. Siku tisa zilipita kabla mwili haujazoea.

Lugha haikunisumbua. Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda tangu 2017, na kocha wetu alikiongea vizuri. Vijijini ni Kinyarwanda, lakini neno moja linakutosha, maana watoto wanakukimbilia kando ya barabara wakipiga kelele "Komera!", yaani jipe nguvu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Tabora tuko kama mita 1,200, kwa hiyo nilidhani tofauti ni ndogo. Usiku nilikuwa naamka moyo unadunda, na baridi inayoshuka kutoka kwenye volkano za Virunga, zilizo karibu na Musanze, sikuwa nimeijua maishani. Mmoja wao, Karisimbi, una mita 4,507, ukiitazama asubuhi unaelewa baridi inatoka wapi. Chukua sweta mbili. Kocha alitukataza kukimbiza: mapigo ya moyo yasipande, mtu aweze kuongea sentensi nzima akiwa kwenye mlima. Mimi niliyezoea kwenda Sikonge na kurudi kwa gia nzito, nikiminya tu, niliambiwa nikanyage haraka kwa gia nyepesi, mizunguko 90 kwa dakika. Niliona aibu kupitwa na vijana waliobeba viazi kwenye baiskeli za kawaida. Aibu hiyo iliisha wiki ya pili, magoti yalipoacha kuuma.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe. Sisi wa tambarare hatujui kushuka. Hatuna mahali pa kujifunzia. Nguvu za miguu tunazo, upepo wa mbele tunaujua, lakini nipeleke kwenye mteremko wa kilomita nane wenye kona na mimi ni mtoto mchanga. Barabara ya kwenda Rubavu inapanda kupitia Mukamira kisha inamwagika kuelekea ziwa Kivu, na siku ya kwanza nilishuka nimekamata breki mwanzo mwisho mpaka vidole vikafa ganzi. Kocha hakunigombeza. Alinirudisha kwenye kona moja, tukaishuka mara kumi na mbili. Punguza mwendo kabla ya kona, ukishaingia achia breki. Pedeli ya nje iwe chini na uzito wote uwe juu yake. Mikono ishike pembe za chini za usukani. Macho yatazame pale unapotaka kutokea, kamwe si kwenye mtaro. Kufikia wiki ya nne nilishuka mteremko ule ule nikiwa wa tatu kati ya saba. Hicho hakuna video iliyowahi kunifundisha.

La pili ni kula. Nilikuwa nakunywa chai na kiazi, nikitoka napeleka maji tu kwa saa nne, halafu nikiishiwa najiona mvivu. Kumbe mwili kwenye safari ndefu unahitaji wanga gramu 60 hivi kila saa, na ndizi moja mbivu ina kama 25. Nilikuwa nimebeba lita ya asali ya kwetu kama zawadi. Mama wa jikoni ndiye aliyesema nitie vijiko vinne vikubwa kwenye chupa ya maji, chumvi kidogo na limao. Tangu hapo sijazimika njiani. Asali inatoka misituni kwetu na mimi nilikuwa naendesha na njaa!

Malalamiko ninayo. Baiskeli ya kukodi ilikuwa kubwa kwangu, na kile kipima nguvu kilichoandikwa kwenye tangazo kilikaa bila betri wiki mbili. Wanawake tulikuwa wawili, bafu ni moja na kufuli lake bovu, tukawa tunalindana zamu. Niliwaambia wenye kambi ana kwa ana na ninarudia hapa: mkitangaza kambi ya wote, wekeni kufuli. Jumamosi ya mwisho ya mwezi kuna umuganda, kazi za jamii, na asubuhi barabara zinatulia kabisa. Hatukuendesha, tulishika majembe na majirani, na siku hiyo siihesabu kama hasara.

Kuhusu mapafu, kweli niliporudi barabara ya Sikonge ilikuwa nyepesi, lakini kocha alishatuonya kwamba faida ile ya damu hupungua ndani ya wiki chache. Yangu imeanza kuisha. Kushuka na kula vimebaki.

Ukitaka kwenda, nenda Januari au Juni mvua zikiwa zimekata, na kabla hujalipa uliza mambo mawili: saizi ya fremu na meno ya gia. Mbele 34 na nyuma 32 ndiyo yaliyonipandisha. Baiskeli yangu ya huku, gia ya nyuma inaishia meno 25, nisingefika popote nayo. Natafuta frii, yaani gia za nyuma, inayofika meno 32, hata iliyotumika. Kuna binti wa kata ya Cheyo, hapa Tabora, ninayemfundisha kila Jumapili, na nataka Juni twende wote.